Mama Spea na Feni Iliyonyamaza

Duka lake lilikuwa upande wa chini wa soko la Migori, kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kuelekea mtoni. Ukiuliza njia, watu walikuambia shuka tu mpaka umsikie mwanamke anagombana. Huyo ndiye Mama Spea. Kazi yake ilikuwa kuuza vipuri vya magari, au niseme kukataa kuviuza, maana katika miaka yote niliyomjua nilimwona akiwarudisha watu mikono mitupu mara nyingi kuliko alivyowafungia kitu kwenye gazeti. Madereva walimsema vibaya asubuhi, na jioni wakamrudia. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na stesheni wagoni nyeupe ya Kijapani ambayo watu walikuwa wakiikodi pamoja na mimi mwenyewe. Nilibeba maharusi, waombolezaji, wahubiri waliochelewa na wagonjwa. Gari lile lilikuwa na tatizo moja lisiloisha, nalo ni joto, na joto ndilo lililonifikisha kwa Mama Spea mwanzoni mwa miaka ya tisini. Joto hilohilo ndilo lililotusimamisha kando ya barabara, mimi na yeye, siku ambayo kidonda cha mguu wake kilikuwa kimeanza kumla na hospitali ya Homa Bay bado iko mbele yetu. Nitafika hapo. Lakini huwezi kuielewa siku ile kama hujui mwanamke yule alikuwa mtu wa namna gani.

Siku ya kwanza niliingia na haraka zangu nikamwambia anipe mota ya feni, ya kwangu imekufa. Hakuinuka. Alitazama mikono yangu kwanza, kama alivyozoea kumfanyia kila mgeni, aone kama ina mafuta au ni ya mtu aliyetumwa tu.

"Nani amesema imekufa?"

"Fundi."

"Fundi amepima na nini?"

"Mama, gari inachemka na feni haizunguki. Imenyamaza tu."

"Sasa mimi nikinyamaza hapa, utanizika?"

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na bibi harusi aliyekuwa akinisubiri. Mama Spea alijifunga leso kiunoni, akabeba betri yake ya kupimia kwa mkono mmoja na nyaya mbili kwa mkono mwingine, akatoka hadi kwenye gari langu. Alichomoa plagi ya feni, akagusisha nyaya zake, na ile feni niliyokuwa tayari kuizika ikazunguka ikampeperusha leso. Aliingia chini ya rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, akafuata waya kwa vidole mpaka kwenye swichi ya joto, kitu kidogo cha shaba kisichozidi kifundo cha kidole, akaniambia nisubiri injini ipoe ndipo aifungue.

Kisha akaenda kuipika. Nasema kuipika kwa sababu ndivyo alivyofanya. Nyuma ya duka alikuwa na jiko la makaa na sufuria iliyopinda masikio. Aliitumbukiza ile swichi kwenye maji huku nyaya zake zikiwa nje, akaziunganisha na betri na taa ndogo ya gari, halafu tukakaa kuyatazama maji yanavyoanza kutoa mapovu. Taa ikiwaka maji yakipata moto, swichi ni nzima. Maji yakachemka mpaka yakamwagikia makaa, na taa haikuwaka. Hapo ndipo alipokubali kuniuzia swichi mpya, lakini hata hiyo mpya aliipika kwanza. Bibi harusi wangu alifika kanisani amenuna.

"Feni yenyewe haijui joto," aliniambia akinifungia ile swichi. "Inangoja kuambiwa. Ukiona imenyamaza, usigombane na feni. Tafuta ni nani alitakiwa kuiambia."

Maneno hayo niliyasikia tena na tena, akiwaambia wenye pikapu, wenye matrekta, hata wale wasio na magari waliopita kumsalimu tu. Mjini watu walimtania kwamba anapika swichi na chai kwenye sufuria moja. Hakuwahi kukanusha. Nadhani alipenda wateja waiogope chai yake, maana hivyo hawakukaa sana.

Waliomchukia hasa ni mafundi, na walikuwa na sababu. Miaka ile mafundi wengi wa kwetu walikuwa na dawa moja kwa kila gari lililochemka. Walifungua injini wakatoa ile thamostati, kidude kinachozuia maji hadi injini ipate joto lake, wakaitupa kwenye majani kana kwamba wamemtoa mtu jino bovu. Halafu wakaunga feni dairekti, ukiwasha ufunguo inazunguka, ukizima inakufa. Mwenye gari aliondoka akiwasifu. Miezi michache baadaye mota imechoka kwa kuzunguka asubuhi yote ya baridi bila kazi, gari linakunywa petroli kuliko basi, na mwenye gari anarudi kwa fundi yuleyule.

Mama Spea aliliita hilo uvivu, na hakulisema kwa kunong'ona. Gari likisimama mbele ya duka lake na feni inavuma injini ikiwa bado baridi, alitoka na koleo. Nilimshuhudia akimkatia mtu waya wa dairekti bila kuombwa, fundi wake akiwa amesimama palepale. Fundi yule alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na gereji yake ilitazamana na duka. Nilidhani atampiga.

"Mama, hii ni gari ya mteja wangu."

"Na ndiyo maana namsaidia mteja wako."

"Wewe ulisomea wapi mambo ya injini?"

"Kwa kuona nyinyi mkiharibu."

Waligombana hivyo kwa miaka. Lakini fundi huyohuyo alipofiwa na mkewe, Mama Spea alifunga duka, akapika katika boma lake tangu msiba ulipoanza mpaka wageni wote wakaondoka, na hakutaja waya hata mara moja. Msiba ulipokwisha tu, wakarudia ugomvi wao palepale walipoachia.

Usidhani alikuwa mpole chini ya ukali. Alikuwa mkali mpaka chini. Kuna mtu mmoja alikuja kutoka Muhuru Bay na pikapu ya samaki wabichi, barafu inayeyuka na kudondoka barabarani, feni imenyamaza, injini inatoa mvuke. Alitaka kufungua kifuniko cha rejeta hapohapo. Mama Spea aliketi juu ya boneti. Mwili wake haukuwa mdogo, na boneti ile ilikuwa ya moto, lakini aliketi.

"Shuka, Mama. Samaki wangu wanaharibika."

"Ukifungua sasa maji yatakutoa uso. Samaki hawana macho ya kukuazima."

Yule bwana alimtukana kwa Dholuo na kwa Kiswahili, maji ya barafu yakiendelea kudondoka. Watu walisema mwanamke huyu ana roho mbaya, na kwa kweli hata mimi nilianza kuona hivyo. Injini ilipopoa akamruhusu afungue. Rejeta ilikuwa nusu tupu. Swichi ilikuwa imewekwa juu, nayo ilikuwa imebaki hewani bila maji ya kuigusa, kwa hiyo haikuwa na joto la kupeleka kwa feni. Walijaza maji, wakawasha, na baada ya muda feni ikaanza yenyewe. Yule bwana aliondoka bila ahsante. Alirudi siku nyingine na sangara mkubwa amefungwa kwa majani, na Mama Spea akamfunua mashavu yule samaki kabla ya kumpokea.

Alikosea pia, na makosa yake aliyatangaza kwa sauti ileile ya kugombeza. Kulikuwa na mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, mtu wa utaratibu, mwenye gari dogo la kijani. Gari lilichemka, Mama Spea akaipima feni, ikazunguka, akamwapia kwamba feni haina shida. Gari likachemka tena kwenye kilima mpaka likapasua gasketi. Kumbe kuna aliyebadilisha nyaya mbili za mota, na feni ilikuwa inazunguka kinyume, inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta kupitia rejeta. Alipoambiwa alikwenda mwenyewe dukani kwa yule mfanyabiashara, akasimama kati ya wanunuzi.

"Mzee, nilikuapia uongo. Niliangalia kama inazunguka, sikuangalia inazunguka wapi."

"Mama, yamepita."

"Hayajapita. Gari iko juu ya mawe."

Tangu hapo alibeba karatasi mfukoni. Feni ikizunguka aliiweka karatasi hiyo mbele ya rejeta, na isiponata alikuonya usiwashe gari. Kila aliyemuuliza karatasi ni ya nini alisimuliwa kosa lote, na jina la gari, na rangi yake, mpaka mwenye vitambaa akamwomba aache.

Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba hakujua kuendesha na hakutaka kujua. Alipanda magari ya watu akiwa amekaa mbele, mkono umeshika mlango, macho yakiwa kwenye geji ya joto na si barabarani. Ungeweza kumgonga ng'ombe asione. Lakini sindano ikisogea tu, alikuambia.

Na hakujipima. Hilo nalo nilikuja kulijua baadaye. Mwanamke aliyekataa kukuuzia fyuzi mpaka uilete ya zamani aitazame kwenye mwanga alikuwa na kiu isiyoisha, alikonda mikono, akawa anachoka kabla ya saa sita, na akisikia neno hospitali anabadilisha mazungumzo. Kidole chake cha mguu kilichubuliwa na kiatu. Kikawa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Alianza kuwahudumia watu akiwa ameketi. Halafu akaanza kuchoma ubani dukani, na sisi tuliomzoea tukajua ubani ule unafunika nini.

Fundi mrefu ndiye aliyemwambia. Alivuka barabara, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, unapima vyuma vya watu wote. Huo mguu nani atapima?"

"Mguu wangu naujua mwenyewe."

"Ndivyo wateja wangu wanasema kuhusu magari yao."

Alimfukuza. Lakini siku ile alikubali daktari wa kliniki ya mjini aje amwone palepale dukani. Daktari alimtoboa kidole cha mkono, akasema ana ugonjwa wa sukari, akakifunua kidonda na kukifunika haraka. Mbele yetu sote akamwambia aende Homa Bay kesho asubuhi, wala asingoje keshokutwa. Vidole viwili vilikuwa vimeshakufa. Akikawia mguu utafuata, na baada ya mguu ni yeye mwenyewe.

"Huyu ndiye atanipeleka," alisema, akinielekeza kwa kidevu. "Gari yake naijua."

Nilijivunia kuchaguliwa. Asubuhi nilimpakia mbele, mguu wake juu ya mto, mkononi ana kitambaa chake cha maua cha kujifutia jasho. Nilikuwa nimeangalia maji, mafuta, kila kitu, kwa sababu nilijua ataniuliza. Hakuuliza. Tulikwenda mpaka mji wa Rongo, na harufu ya kidonda ikatulazimisha kuacha madirisha wazi ingawa vumbi lilikuwa linaingia.

Rongo akasema ana njaa, anataka ndizi.

"Wa hapa mbele ndizi zao zimeiva sana. Enda ule upande mwingine wa soko."

Huyo alikuwa yeye hasa, kwa hiyo nilikwenda. Niliporudi nilimkuta anahema, jasho linamtiririka, mlango wa upande wake haujafungwa sawasawa. Nikaufunga. Nilidhani ni homa imepanda, nikaogopa, nikaondoa gari kwa kasi kuliko ilivyofaa. Ndizi hakuzigusa.

Tulikuwa tumeanza kupanda, mashamba ya miwa pande zote mbili, nilipomsikia.

"Simama."

"Unasikia vibaya?"

"Geji. Huoni geji?"

Sindano ilikuwa imepita katikati na inaendelea kupanda. Nilisimama pembeni juani. Injini ilikuwa inanguruma na mbele ya rejeta kimya kitupu. Feni haikuwa inazunguka.

"Ni mota," alisema Mama Spea, akitazama mbele. "Hiyo mota ilikuwa imechoka kitambo. Turudi Rongo polepole, tupate gari ya kuturudisha Migori. Homa Bay tutaenda siku nyingine."

Nilikuwa tayari kugeuza. Naapa nilishika usukani nikaanza kuuzungusha, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kujuta kwa kumsikiliza. Kilichonizuia ni kitu kidogo. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kipuri kimekufa kabla hajakigusa.

"Wacha nipime kwanza," nikasema.

"Unapima nini? Nimekuambia ni mota."

"Ni dakika kidogo tu, Mama."

"Mimi ni mgonjwa, nyathina, na jua ni kali. Unataka nifie hapa ukicheza na nyaya?"

Aliniita mtoto wake. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, na neno lile lilinichoma, kwa sababu alikuwa anasema kweli kuhusu jua. Kila dakika ya pale barabarani ilikuwa inakula mguu wake. Kurudi nako kungeula zaidi. Nilizima injini, nikashuka, nikafungua boneti. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachomoa plagi ya feni, nikachukua nyaya zangu mbili, nikaunga moja kwa moja kutoka kwenye betri. Feni ikazunguka kwa nguvu, upepo wa moto ukanipiga tumboni.

"Inazunguka, Mama."

Alijifuta jasho kwa kiganja.

Niliuacha upepo upoze rejeta huku nikifuata waya wa swichi kwa vidole, vilevile alivyofanya yeye. Waya haukufika kwenye swichi. Plagi ilikuwa imechomolewa, ikasogezwa mbali na paipu ya moto plastiki isiyeyuke, na mdomo wake umefungwa vizuri kwa kitambaa cha maua ili vumbi lisiingie.

Kitambaa kile nilikijua, asubuhi kilikuwa mkononi mwake. Plagi ikichomoka yenyewe kwa mtikisiko inaning'inia tu, haivai nguo. Mwanamke asiyeweza kukanyaga vizuri alikuwa amevuta kishikizo cha boneti, akajiburuta mpaka mbele ya gari, akafanya kazi ile na kurudi kitini wakati mimi nachagua ndizi. Na hata alipokuwa anaharibu, alishindwa kuharibu vibaya.

Nilikwenda dirishani kwake nikiwa nimekishika. Nilikuwa na hasira.

"Umetaka kuniulia gari?"

"Gari yako haingekufa. Nani amekuambia usimame, si mimi? Nilikuwa naangalia geji."

"Na wewe je? Wewe ungekufa."

"Mimi si gari yako."

"Umenidanganya, Mama. Wewe."

Aligeuza uso akatazama miwa. Lori lilipita likatufunika vumbi, na lilipotulia alianza kuongea kwa sauti ya chini ambayo sikuijua.

"Dada yangu walimpeleka na kidole. Kidole tu, omera, ndugu yangu. Akarudi bila mguu. Alikaa kwa kiti nyumbani mpaka akakufa, na watu wakawa wanamhamisha asubuhi kwa jua, jioni kwa kivuli, kama omena, dagaa wa kuanika. Mimi ndiye nilimwambia aende. Nilimwambia madaktari wanajua."

Nilikikunja kile kitambaa nikakitia mfukoni.

"Naogopa," akasema. "Unasikia? Naogopa sana. Rudisha gari."

Nilitamani kumrudisha. Huruma ilinishika kuliko hasira, nayo ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, maana hasira isingenifanya nigeuze gari. Nilikuwa nimeona alivyofunika daktari kile kidonda. Nilirudi mbele nikachomoa nyaya zangu, nikaipa feni plagi yake, nikainama kuirudisha plagi ya swichi mahali pake.

"Usisukume hiyo klipu kwa nguvu," alisema kutoka ndani, bila kunitazama. "Itavunjika."

Niliisukuma taratibu. Kisha nikawasha injini nikakaa, na wote wawili tukaitazama sindano. Ilipanda. Ilipanda tena. Nilimsikia akipumua kwa mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua kuna mtu kando yangu anaiombea feni isiwake. Ikawaka. Mama Spea alifumba macho.

Tulifika Rodi Kopany, ambako ng'ombe wa mnada walikuwa wametapakaa barabarani na nikapiga honi kama mwendawazimu. Kisha tukaanza kushuka na ziwa likaonekana. Mkono wake ulikuwa umeshika mlango, kama kawaida yake, lakini safari hii niliufunga mlango huo kwa ndani, kisha nikaona aibu kwa kufanya hivyo.

Hospitalini tuliketi kati ya watu wengi. Nilipeleka karatasi ya daktari wa kliniki dirishani, nikarudi kukaa naye. Aliushika mkono wangu kwa nguvu ya mtu aliyezoea kukaza nati. Muda mrefu ukapita. Muuguzi akatokea mlangoni akaita jina la mwanamke. Hakuna aliyeitika. Akaliita tena, nami nikageuza shingo kama wengine, kumtafuta huyo mama asiyesikia, mpaka nilipohisi kucha zake zinaniingia kwenye ngozi.

"Ni wewe?" nikamuuliza. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Ndiyo. Waambie sijafika."

"Mama."

"Waambie tumeharibikiwa na gari njiani. Si ni kweli?"

Muuguzi alikuwa anageuka kuita mwingine. Mama Spea alinitazama usoni, na macho yake hayakuwa na ugomvi wowote, yalikuwa yananiomba tu. Nikasimama nikainua mkono ambao haukuwa umeshikwa.

"Yuko hapa," nikasema.

Vidole viwili vilikatwa jioni hiyohiyo, na mguu ukabaki. Nilikwenda kumtazama wodini, akageukia ukutani. Alipotoka alirudi Migori kwa gari la mtu mwingine. Nilipita mbele ya duka mara kadhaa nikamsikia anagombana na wateja, nikaendelea na safari zangu, kwa sababu sikujua nitamwambia nini. Nilichofanya sikukijutia, ila nilikuwa na hamu ya kumwona kuliko nilivyotegemea.

Mwishowe niliingia. Hakuna kilichoharibika kwenye gari, niliingia tu. Alikuwa amekaa kwenye sanduku refu la mbao, mguu wenye bandeji umenyooshwa juu ya nusu ya pili ya sanduku hilo, akisafisha rilei, kiswichi cha umeme wa gari, kwa msasa. Alitazama mikono yangu.

"Hakuna mafuta," akasema. "Umekuja kununua nini?"

"Sikuja kununua."

Akaendelea kusugua.

"Ulijua nitakukasirikia."

"Nilijua."

"Pengine nisikuongeleshe tena mpaka nife."

"Nililifikiria hilo."

"Na ukasema tu niko."

"Nikasema tu uko."

Aliiweka ile rilei chini. Aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akauinua polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, akaushusha sakafuni kando ya ule mwingine. Akapangusa mahali ulipokuwa kwa kiganja.

"Bed piny," akasema, akinionyesha ile nafasi, nami nikaketi.